Konzi Moja, Si Gunia

Kaa, mjukuu wangu. Usikae juu ya kinu hicho, vuta kigoda. Jana ulinisalimia umesimama, mkono mmoja una simu na mwingine una mfuko ule mweusi, nikajua kuna jambo limeingia kutoka mjini. Ulipolala niliufungua. Nimeunusa, nikasugua unga wake kati ya vidole, nikamimina kidogo kwenye kikombe cha maji nikatazama. Sasa nataka kukuambia nilichokiona, nawe unisikilize mpaka mwisho, maana pumzi ya kuyasema haya mara mbili sina.

Sijakasirika. Shilingi ni zako, umezitafuta mwenyewe. Muuzaji amekuambia unga huu unaitwa bayocha, na kwamba ukimpa ng'ombe atanenepa, maziwa yataongezeka, minyoo itatoka, ndigana haitaingia zizini, na kuku watataga mfululizo. Dawa ya kutibu kila kitu nimeiona ikipita hapa kwetu Ikungi tangu sijaota ndevu, kila safari na jina jipya. Ila hii imeninyima usingizi kwa sababu ndani ya uongo wake kuna ukweli. Ingekuwa uongo mtupu ningekuachia dunia ikufunze.

Tena kilichonitisha zaidi si mfuko. Ni zile kamba ulizofunga kwenye mikungugu mitatu nyuma ya zizi. Nimeziona. Umepiga hesabu kwamba mfuko ni ghali, basi tukate miti tuchome wetu. Hesabu yenyewe si mbaya. Uliyemkosea ni mti.

Unajua mbuzi wa nyumba hii wanakula nini mwezi wa tisa, nyasi zikiwa zimekauka hata kuku hawazitaki? Wanakula maganda ya mkungugu. Asubuhi upepo ukivuma yanaanguka, mbuzi wanakimbia kabla hujawafungulia vizuri. Mti mmoja unalisha wanyama wangapi, na tangu lini? Baba yangu aliukuta. Sasa wewe unataka kuukata uwe unga mweusi ili umlishe mbuzi yule yule ambaye mti ulikuwa unamlisha bure. Kaa nalo hilo kwanza. Silisemi kwa ukali.

Mkaa umetula sana huku. Ukienda Itigi na Manyoni utaona malori yakisubiri usiku, na vijana wa rika lako wamekaa juu ya magunia, macho mekundu kwa moshi. Miti ya vichaka inaondoka inakwenda kuivisha maharage ya watu wa Dar es Salaam. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034. Ni maneno mazuri. Sasa tukianza kukata miti kwa jina la bayocha, tutakuwa tumefunga mlango wa mbele na kufungua wa uani.

Basi unga huu ni nini? Ni mkaa, hakuna muujiza. Tofauti ni namna ya kuuchoma na kazi unayoupa. Ukichukua gunzi la mahindi ukalitupa kwenye moto wazi, litaungua mpaka libaki jivu jeupe, na jivu upepo unachukua. Ukilichoma kwa joto kali lakini ukalinyima hewa, gesi inatoka inaungua, na kinachobaki ni mifupa ya gunzi, myeusi, myepesi, yenye vitundu visivyohesabika. Ndani ya vitundu hivyo ndiko kwenye siri yote. Gramu moja tu ya mkaa uliochomwa vizuri, ukitandaza kuta zote za vitundu vyake, zinaweza kuenea mita za mraba zaidi ya mia moja. Ni kama kikapu kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba kupita kiasi. Kinashika maji, kinashika harufu, kinashika chumvi za mkojo, kinashika na baadhi ya sumu. Lakini kikapu kitupu hakimshibishi mtu. Ukimwaga mkaa mkavu shambani bila kuujaza kitu, utajijaza wenyewe kwa kuinyang'anya mimea chakula chake, na msimu wa kwanza mahindi yatatoka ya njano utukane mbegu.

Zizi ndilo linalokijaza kikapu. Hapo ndipo muuzaji wako alipoficha ukweli, au pengine mwenyewe haujui.

Acha nikurudishe nyuma kidogo. Sisi Wanyaturu hatukuanza jana kulima kwa samadi. Alikuja Mmarekani mmoja, Harold Schneider, akakaa kwetu mwaka 1959 na 1960, na kitabu chake kikatoka 1970. Mimi nilikuwa kijana mdogo wa kuchunga ndama. Mzungu yule aliona jambo ambalo maofisa wengi hawakuliona: kwamba ng'ombe wa Mnyaturu si mapambo wala ukaidi, ni kiwanda cha mbolea. Udongo wetu ni kichanga, mvua ni ya kubahatisha, na shamba lisilo na samadi halikupi kitu. Mwenye ng'ombe alilisha shamba, shamba likalisha watu. Waliokosa waliazima ng'ombe wa wenzao, na mavi yakawa sehemu ya makubaliano.

Mwaka 1974 tukahamishwa kwenda kijijini. Unalijua lile hame kule juu, penye mawe makubwa? Hapo ndipo ilipokuwa tembe ya babu yako mkubwa. Tuliacha zizi lina samadi ya kufika magotini, na kando yake jaa la majivu na mkaa wa mafiga ya miaka mingi. Miaka ikapita. Siku moja nikaenda kutafuta mbuzi aliyepotea, nikakuta pale penye jaa na zizi nyasi zimesimama kijani wakati pande zote ni vumbi. Nikachimba kwa fimbo. Udongo ulikuwa mweusi, laini, una vipande vya mkaa ndani yake, na ulikuwa na ubaridi mkononi. Mama yako alilima mahindi pale. Ulikula mahindi yale ukiwa mtoto, hukumbuki tu.

Baadaye sana nikaja kusikia redioni kwamba huko Amazon, Brazili, kuna udongo mweusi wa namna hiyo, ulioachwa na watu wa kale waliochanganya mkaa, mifupa, taka na vinyesi, na mamia ya miaka baadaye bado unazaa kuliko ardhi inayouzunguka. Nilicheka peke yangu. Wataalamu wanasafiri mpaka Amazon, na sisi tuna hame nyuma ya mawe.

Kwa hiyo usidhani babu yako anapinga mkaa. Ninachopinga ni gunia linapokuwa la mwanzo na zizi linakuwa la mwisho.

Tuanze na zizi, basi. Ukiingia mle alfajiri wakati wa masika, ile harufu inayokuchoma pua mpaka machozi yatoke, unajua ni nini? Ni amonia. Ni naitrojeni ya mkojo inaruka kwenda mbinguni bila nauli. Ndiyo mbolea ile ile ambayo mwezi wa kumi na mbili unapanga foleni kuinunua kwenye mfuko. Unainusa, unapiga chafya, unakwenda zako, halafu unanunua nyingine. Sasa ukichanganya mkaa uliosagwa kiasi, si unga wa poda, ukubwa wa punje za mtama hivi, ukaumwaga pale ndama wanapolala na pale ng'ombe wanapokojolea zaidi, ukafunika kwa nyasi zilizobaki, mkaa unakunywa ule mkojo. Harufu inapungua. Matope yanapungua pia, na hapo ndipo utakapoona faida ya haraka kuliko zote, maana kwato zinazolala kwenye matope mwezi mzima zinaoza. Kila baada ya siku kadhaa unaongeza kidogo. Mwisho wa masika unakomba, unalundika, unafunika lundo kwa udongo na mabua ili jua lisilikaushe. Mkaa umekaa na samadi miezi mitano, umejaa. Ndipo unaupakia kwenye mkokoteni upeleke shambani, konzi kwa kila shimo la mbegu.

Angalia tu ni shamba gani. Mkaa una asili ya majivu, unapunguza uchachu wa udongo. Kwenye kichanga chetu hiki ni neema. Lakini kule bondeni, pale panapotoka unga mweupe wa magadi kiangazi, kama kingo za ziwa Singidani, usipeleke. Ardhi ile tayari ina chumvi ya kutosha.

Na malighafi? Hapa ndipo nataka unitazame usoni. Usichome kitu ambacho ng'ombe anakula. Mabua ya mahindi na ya mtama ni chakula cha kiangazi, ukiyachoma mwezi wa saba utalia mwezi wa kumi. Tuliwahi kufundishwa na watu wa mradi fulani, wametoka mbali, wana fulana na kofia, wakatuambia tukusanye mabua yote ya kijiji tuyafanye mkaa. Mzee mwenzangu akauliza, na ng'ombe watakula fulana? Walicheka, wakaandika, wakaondoka. Mapipa waliyotuachia ndiyo yale tunayohifadhia pumba.

Choma magunzi. Choma mashina ya alizeti, yale magumu yanayobaki baada ya mbuzi kumaliza vichwa. Singida hii yote ni alizeti, mashina yanabaki shambani yamesimama kama mashahidi wasioitwa. Wenzetu wa Iramba na Mkalama wanaolima pamba wanatakiwa kung'oa na kuchoma mashina kila msimu ili wadudu wasivuke mwaka. Wanayachoma mpaka majivu, bure. Wao moto ni lazima wauwashe, kwa nini basi usiwaachie mkaa? Matawi ya miiba ya ua wa zizi ulioubadilisha, nayo pia. Maganda ya alizeti kutoka mashineni yanafaa, lakini ni mepesi na yanagandamana, ukiyamwaga mengi kwa pamoja moto unafifia unabaki moshi. Nyunyiza machache machache juu ya moto uliokwisha kushika.

Tanuri la udongo la wachoma mkaa achana nalo, linatoa moshi kutwa na linakula magogo. Chimba shimo, mfano wa faneli, juu pana mita moja na nusu hivi, chini pembamba, kina mita moja. Washa moto mdogo chini kabisa. Ukishika, weka tabaka jembamba la mashina. Ngoja. Ukiona ncha zinaanza kuvaa jivu jeupe, weka tabaka jingine juu. Moto wa juu unakula hewa yote, wa chini unakosa, unabaki mkaa. Shimo likifanya kazi vizuri moshi hauonekani sana, unaona ndimi za moto tu. Likitoa moshi mwingi mweupe umejaza kwa pupa. Unakwenda hivyo mpaka shimo lijae, kisha unazima.

Kuzima ndiko kulikonifunza adabu. Wenye maji wanamwaga maji. Sisi ndoo ya lita 20 tunajua inatoka wapi, kwa hiyo nilifukia kwa udongo, nikakanyaga. Kesho yake nikaona kumepoa, nikajaza gunia, nikaliegemeza kwenye ukuta wa banda la kuku. Usiku wa manane bibi yako akaniamsha, kuna mwanga nje. Kipande kimoja kilikuwa bado kina roho. Waliungua kuku 11, na nusu ya banda. Bibi yako hakusema neno, na mpaka leo hajasema, ndiyo maana mimi namsemea: fukia, ngoja siku mbili, kisha mwaga juani utandaze, ushike kwa mkono, ndipo ujaze gunia. Na kama kuna mkojo wa ng'ombe uliokinga kwenye ndoo, tumia huo kuzimia sehemu ya juu. Unazima na kujaza kikapu kwa mara moja. Harufu yake, vumilia.

Mkaa mzuri una dalili. Ukiudondosha juu ya jiwe unalia kama kigae. Ukisugua mkononi unatoka weusi, lakini ukinawa kwa maji matupu unaondoka. Ukiona mkono umebaki na mafuta, unateleza, unanuka moshi, mkaa huo haukuiva, una lami ndani yake, na lami ile si ya kumlisha kiumbe. Wa kwenye mfuko wako, mjukuu wangu, niliunawa mara tatu. Umenibakia kwenye kucha mpaka sasa, tazama. Sijui waliuchoma kwa nini, pengine mbao za rangi, pengine mabaki ya kiwanda. Mwage kwenye shimo la taka, mbali na wanyama, na pesa yake uihesabu ada ya shule.

Sasa tuje kwenye kulisha, ambako ndiko ulikotaka tuanzie.

Kulisha mkaa kwa mnyama si kitu cha kushangaza. Ng'ombe mwenyewe ukimwacha anapita penye moto uliozimika analamba mkaa. Kuku wanadonoa. Wazee walimpa mbuzi aliyevimbiwa unga wa mkaa uliokorogwa kwenye maji, na hata hospitalini mtu aliyemeza sumu anaweza kunyweshwa mkaa maalumu. Nilimwona mama mmoja wa Kibarbaig akisafisha kibuyu chake: aliingiza kijinga chenye makaa, akakizungusha ndani taratibu, akakung'uta, akapangusa kwa mkia wa ng'ombe, ndipo akamimina maziwa. Maziwa yale yalikaa bila kuharibika, yana madoadoa meusi na harufu ya mti. Hakuuita bayocha.

Wataalamu nao wamejaribu. Mwaka 2012 kule Laos walitoa matokeo ya ng'ombe wao wa kienyeji, waliochanganyiwa mkaa wa maganda ya mpunga chini ya asilimia moja ya chakula. Kasi ya kuongeza uzito ilipanda kwa robo na gesi ya methani, ile wanayoicheua, ikapungua kwa asilimia 22. Habari hiyo ikazunguka dunia nzima. Muuzaji wako amekusomea ukurasa huo. Hakukusomea unaofuata: mwaka 2019 Kanada walijaribu kwa mitamba yao, wanaolishwa vizuri, na gesi haikupungua. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba ng'ombe wako atanenepa kwa robo, mwambie akuandikie kwa mkono wake. Ng'ombe wa Laos alikuwa anakula mihogo na urea, wa Kanada silaji na nafaka, na wako anakula anachookota.

Anayenivutia mimi ni Mwaustralia, Doug Pow wa Manjimup. Alichanganya theluthi moja ya kilo ya mkaa na molasi kidogo, akawapa ng'ombe wake kila siku. Mkaa ukapita tumboni, ukajaa huko huko, ukatoka na mavi, na mende wale wa mavi wakauchimbia ardhini. Hakununua trekta wala hakuajiri mtu wa kufukia. Nilipoelezwa hivyo nikasema, huyu ana akili ya kichungaji. Mnyama ameubeba, mdudu ameuzika, na mchungaji ameketi chini ya mti.

Kipimo chetu kisifike huko. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kilo 250 anakula kama kilo sita za chakula kikavu kwa siku. Asilimia moja ya hiyo ni gramu 60, konzi moja ya mkono wangu. Usage laini, uchanganye na pumba au mashudu yaliyoloweshwa, usimpe unga mkavu akauvuta puani. Mbuzi, unga wa kushika kwa vidole vitatu. Wala si kila siku ya Mungu mwaka mzima. Kikapu hakichagui, kinashika sumu na kinashika pia vitu vizuri. Siku unayompa dawa ya minyoo, mkaa usimkaribie, na siku kadhaa kabla na baada yake pia. La sivyo dawa itashikwa, itatoka nyuma, minyoo itacheka. Ndigana kali inaletwa na kupe, na kupe hawaogopi mkaa. Josho ni josho, chanjo ni chanjo. Afisa mifugo akija umpishe afanye kazi yake.

Mashudu nayo yanataka jicho. Yakikaa kwenye unyevu yanashika ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu wapatao 20 hapa jirani, Dodoma na Manyara, kupitia mahindi. Mtu atakuambia changanya mkaa kwenye mashudu yaliyovunda, sumu itashikwa. Pengine kidogo. Usimpe mnyama kitu kilichovunda ukitegemea kikapu. Kausha mashudu, weka juu ya chaga, mbali na ukuta.

Naona unataka kuniuliza jambo. Yule ng'ombe mwekundu? Ndiyo, niliwahi kumpa mkaa. Ilikuwa mwaka wa ukame, mtama umekatwa, ikanyesha mvua moja ya kupotea njia, maotea yakachipua kijani kibichi, mazuri kuyatazama. Mchungaji alisinzia. Akaingia, akala labda nusu saa. Nilimkuta anatetemeka, povu mdomoni, anavuta pumzi kama mtu anayekimbia. Nikakumbuka mkaa, nikaukoroga kwenye chupa, nikamnywesha, mwingi. Alikufa mkono wangu ukiwa bado kwenye pembe yake. Baadaye daktari wa mifugo akanieleza: maotea machanga ya mtama yana sianidi, na sianidi inakwenda haraka, mkaa hauishiki vya maana. Kuna dawa ya sindano kwa hiyo, lau ingekuwepo karibu ikawahi. Mimi nilikuwa naamini konzi ya mkaa kama wewe unavyoamini mfuko. Kwa hiyo unapoona nakwenda polepole na jambo hili, usidhani ni uzee peke yake.

Kuku nimewaacha nyuma, na kumbe kuku ndio watakaokulipa kwanza. Singida na kuku wa kienyeji ni jina moja. Nenda stendi uone matenga yanavyopandishwa juu ya mabasi ya Dar es Salaam. Tandaza bandani maganda ya alizeti au pumba, uchanganye mkaa, sehemu moja kwa kumi hivi. Halafu usisimame, piga magoti, pua yako iwe mahali ilipo pua ya kifaranga. Mtu mzima anasimama anasema banda halinuki, kifaranga chini anapofuka. Kama macho yako yanawasha huko chini, geuza matandiko, ongeza mkaa, fungua dirisha. Wape na beseni la majivu waoge, viroboto watapungua. Ila mdondo hauzuiwi na kitu hiki. Ile chanjo ya tone la jicho, kila baada ya miezi mitatu, hiyo ndiyo inayobakisha kuku. Mengine yote ni matandiko. Matandiko hayo yakichoka, usitupe. Ni mbolea kali kuliko ya ng'ombe, ilaze kwanza kabla ya kuipeleka kwenye vitunguu.

Si sisi peke yetu tunaohangaika. Karagwe, shirika la MAVUNO pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walifunga kazi yote kwenye mzunguko mmoja: jiko linalopika na kubakisha mkaa, mkojo uliotengwa chooni, majivu, taka za jikoni, vyote vikaingia kwenye mboji, na mahindi yakaitikia. Kenya nao, Embu na Kwale, akina mama walipewa majiko ya namna hiyo. Unapika ugali, ukimaliza una mkaa wa shamba. Hilo la jiko nalipenda, maana moto wa kupika upo tu, hauuongezi. Lakini Karagwe ni mvua na migomba, usinakili mpaka ukasahau uko wapi. Hapa kwetu kinachokosekana si mkaa, ni maji na malisho.

Na ukisikia habari za kuuza kaboni, kwamba mkaa ukizikwa ardhini kuna mzungu atakulipa, usikatae wala usikimbilie. Muulize anapima nini, nani anapima, na kama mkataba umeandikwa kwa Kiswahili. Nimeona amri nyingi zikishuka kutoka juu kwa ajili ya ardhi hii. Jirani zetu wa Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka, watu wakaamka asubuhi mazizi ni kimya. Nyasi zilirudi, sikatai. Ng'ombe waliruhusiwa tena mwaka 1989, lakini wa kufungwa bandani. Miaka kumi mzee anamaliza nayo uhai wake bila kusikia kengele ya ng'ombe. Tungeitunza ardhi kwa mikono yetu, amri ingekosa pa kushukia.

Nimesema mengi, koo limekauka. Mletee babu maji. Kidogo tu, hayo mengine waachie ndama.

Kamba zile kwenye mikungugu kazifungue kabla jua halijapanda, zitakufaa kufungia mashina ya alizeti. Mashineni nimekwisha kuzungumza na mwenyewe, atatupa magunia mawili ya maganda, usimlipe zaidi ya soda. Shimo nimelianza mimi upande wa kaskazini, upepo usipeleke cheche kwa bibi yako. Limefika magotini, kisha kiuno kikakataa. Jembe liko ndani yake.